Nani hupima redio za majeshi yaliyomo Juba?

Mtaa wa Atlabara, mjini Juba, hufahamika kwa wapenzi wa kandanda wa Afrika Mashariki kupitia klabu yake iliyowahi kuiwakilisha Sudan Kusini katika Kombe la Kagame. Kwa Kiarabu cha Juba jina hilo lina maana ya "toka nje". Anayetoka nje mtaani humo na kutazama juu huona kile kionekanacho katika mitaa mingine ya mji mkuu huo: minara ya simu, antena juu ya mapaa, visahani vya setilaiti, na mara kwa mara helikopta nyeupe ya Umoja wa Mataifa ikiutafuta uwanja wa ndege. Asichokiona ni msongamano wa mawimbi ya redio uliopo kati yake na helikopta hiyo.

Msongamano huo umezidi. Jeshi la Sudan Kusini, SSPDF, lina kambi ndani na pembezoni mwa mji. Ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, UNMISS, upo tangu uhuru wa mwaka 2011, na kwa nyakati tofauti umekuwa na wanajeshi wa Rwanda, India, Nepal, Ethiopia, China, Mongolia, Ghana na mataifa mengine. Mwezi Machi 2025, Mkuu wa Majeshi ya Uganda, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, alitangaza kuwa vikosi maalumu vya nchi yake vimeingia Juba kuilinda serikali ya Rais Salva Kiir, na tarehe 20 mwezi huo Bunge la Uganda likaidhinisha hatua hiyo. Kila jeshi huja na redio zake na mitambo yake, iliyonunuliwa katika masoko tofauti na kwa viwango tofauti.

Mjadala wa hadhara juu ya majeshi hayo umekuwa wa kisiasa: nani ameyaalika, kwa mkataba gani, na yataondoka lini. Swali la kiufundi limebaki nyuma, ingawa ndilo linalomgusa mkaazi wa Atlabara hata siku ambayo hakuna risasi inayolia. Ni nani huhakikisha kwamba vifaa hivyo havivurugani, na havivurugi mawasiliano ya rubani, ya daktari, na ya redio inayosikilizwa nyumba ya jirani?

Viwanja vya angani

Masafa ya redio yanafanana na viwanja vya mtaa: kila kimoja kina mipaka na mwenyewe. Wakaazi wa Juba, mji ambao kesi za viwanja haziishi, hawahitaji maelezo marefu juu ya kinachotokea mtu anapovuka mpaka wa mwenzake.

Redio za vita vya nchi kavu, zile zinazobebwa mgongoni na kufungwa kwenye magari, kwa kawaida hutumia megahezi 30 hadi 88. Kuanzia hapo hadi 108 ni uwanja wa matangazo ya FM. Humo ndimo zilimo Radio Miraya ya Umoja wa Mataifa kwenye 101, Eye Radio kwenye 98.6, na Radio Bakhita ya Kanisa Katoliki kwenye 91. Kuanzia 108 hadi 137 ni uwanja wa usafiri wa anga: sehemu ya kwanza ni ya mitambo inayomwelekeza rubani njia na kumsaidia kutua, na sehemu ya pili ni ya mazungumzo kati yake na mnara wa kuongozea ndege. Kwa hiyo redio za wananchi zimebanwa katikati, jeshi upande huu na ndege upande ule, pasipo ukuta baina yao.

Ukuta haupo kwa sababu transmita haitoi wimbi moja tu. Pamoja na wimbi lake halali, hutoa vivuli vya wimbi hilo kwenye masafa yaliyozidishwa mara mbili, mara tatu na kuendelea. Redio ya jeshi inayozungumza kwenye megahezi 55 hutupa kivuli kwenye 110, ndani kabisa ya uwanja wa mitambo ya kutulia ndege. Kifaa kilichotengenezwa vizuri huchuja kivuli hicho hadi kisidhuru. Kifaa duni, au kizuri kilichofunguliwa na fundi na kufungwa vibaya, hukiacha kipite.

Kuna na jambo la pili, lenye hila zaidi. Mawimbi mawili yenye nguvu yanapokutana ndani ya kifaa cha tatu, au hata kwenye kiungo cha chuma chenye kutu juu ya mnara, huzaa wimbi jingine ambalo hakuna aliyelirusha. Hesabu yake ni rahisi: zidisha 101 kwa mbili, kisha toa 91, unapata 111. Namba hiyo nayo imo ndani ya uwanja wa usafiri wa anga. Hakuna anayedai kwamba stesheni hizo mbili za Juba zimewahi kumsumbua rubani yeyote, na mfano huu si tuhuma. Lakini ndio sababu wahandisi, kabla ya kuruhusu transmita mpya karibu na uwanja wa ndege, hukaa chini wakafanya hesabu ya transmita zote zilizotangulia. Hesabu hiyo huwezekana pale tu ambapo transmita zote zinajulikana, na majeshi kwa desturi huwa hayatangazi zake.

Kipimo chenyewe

Upimaji wa vifaa vya kijeshi dhidi ya usumbufu wa sumakuumeme una historia ya zaidi ya nusu karne. Kiwango kinachotumiwa zaidi duniani, MIL-STD-461 cha Marekani, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1967 na kimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kifaa huwekwa katika chumba kilichozibwa kwa chuma ili mawimbi ya nje yasiingie, na kuta zake hufunikwa kwa mito yenye ncha inayomeza mawimbi ili yasidunde. Humo kifaa huulizwa maswali mawili. Kwanza, kinatoa nini, kupitia angani na kupitia nyaya zake? Pili, kikirushiwa mawimbi makali, kinavumilia hadi wapi kabla ya kukosea?

Swali la pili ndilo linalotenganisha kifaa cha jeshi na cha nyumbani. Televisheni au kompyuta ya ofisini hupimwa kwa nguvu ya takriban volti 3 kwa mita. Vifaa vya nje vya ndege za kijeshi hupimwa hadi volti 200 kwa mita. Tofauti hiyo ina maana kwa mtaa kama Atlabara: mtambo wa kijeshi uliojengwa kuhimili mazingira makali ya mawimbi utaendelea kufanya kazi bila shida palepale ambapo mashine ya mgonjwa katika zahanati jirani, iliyojengwa kwa kiwango cha nyumbani, itaanza kutoa namba zisizoeleweka. Jeshi halitaona kasoro yoyote, na ripoti yake itasema kwamba kila kitu ni sawa.

Cheti cha kiwandani, hata kikiwa cha kweli, hakimalizi kazi. Redio iliyopimwa peke yake katika chumba safi hubadilika tabia inapofungwa kwenye Land Cruiser pamoja na redio nyingine mbili, kiyoyozi, betri ya ziada na nyaya zilizopitishwa popote palipopatikana nafasi. Madereva wa mashirika ya misaada wanaijua redio ya masafa marefu kwa jina la Codan, ambalo ni jina la kampuni ya Adelaide, Australia, iliyoiuza barani Afrika kwa miongo kadhaa. Antena yake ndefu iliyofungwa mbele ya gari ni sehemu ya sura ya mji wa Juba. Hakuna kiwanda cha Adelaide wala cha kwingineko kinachoweza kujua ni nini kingine kimefungwa ndani ya gari hilo. Ndiyo maana majeshi makini hupima mara ya pili, gari zima likiwa na vifaa vyake vyote vimewashwa, na mara ya tatu, magari mengi yakiwa pamoja.

Waliopuuza hatua hizo wamelipa. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa kwa kombora na watu 20 wakafa. Wakati huo meli ilikuwa ikitumia mawasiliano yake ya setilaiti, na mawasiliano hayo yaliziba masikio ya kifaa chake cha kunusa rada za adui. Uchunguzi ulitaja pia uzembe wa kibinadamu, na ni haki kuutaja. Hata hivyo, ukweli unabaki kwamba vifaa viwili vya meli moja havikuweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Katika muongo huohuo, baada ya ajali kadhaa, ilibainika kuwa helikopta za Black Hawk za jeshi la nchi kavu la Marekani zilikuwa na kinga hafifu dhidi ya mawimbi kuliko zile za jeshi la majini, na marubani wakaonywa wasiruke karibu na minara mikubwa ya utangazaji. Nchini Iraq, vifaa vya kuvuruga mawimbi vilivyofungwa kwenye magari ili kuzuia mabomu ya barabarani vilizinyamazisha redio za wanajeshi walewale waliokuwa wakilindwa, hadi mwaka 2006 jeshi la nchi kavu lilipolazimika kuazima wataalamu wa mawimbi kutoka jeshi la majini.

Hayo ni majeshi yenye maabara, bajeti na wahandisi. Katika ukanda wetu hoja ya kawaida ni kwamba upimaji ni anasa ya matajiri. Mifano hiyo inaonesha kinyume: hata wenye maabara huumia wanaporuka hatua moja.

Likuangole, Desemba 2012

Sudan Kusini yenyewe ina kumbukumbu chungu ya kile kinachotokea vyombo vya majeshi mawili visipoelewana angani. Tarehe 21 Desemba 2012, helikopta ya aina ya Mi-8 iliyokuwa ikiitumikia UNMISS ilitunguliwa karibu na Likuangole, jimbo la Jonglei. Warusi wanne waliokuwemo, wote wahudumu wa ndege, walikufa. Jeshi la Sudan Kusini, wakati huo likiitwa SPLA, lilikiri kuwa askari wake ndio waliofyatua, likasema walidhani ni ndege ya Sudan iliyokuwa ikiwapelekea waasi silaha.

Tukio hilo halikuwa la usumbufu wa mawimbi kwa maana ya maabara. Lilikuwa la utambuzi, na utambuzi ni ndugu yake wa karibu. Ndege hujitambulisha kwa njia mbili, yaani kwa taarifa ya safari inayotumwa kabla ya kuruka, na kwa mawimbi inapokuwa hewani. Njia hizo mbili huokoa maisha pale tu ambapo aliye ardhini ana kifaa kinachosikia, kwenye masafa yaleyale, kikiwa kizima, na mtu anayejua kukitumia. Askari na rubani walikuwa chini ya anga moja, na hakuna mazungumzo yaliyopita kati yao yaliyoweza kuzuia risasi. Mwezi Agosti 2014 helikopta nyingine ya ujumbe huo ilianguka karibu na Bentiu baada ya kushambuliwa, na watu watatu kati ya wanne wakafa.

Kwamba kosa la aina hiyo haliwahusu maskini peke yao lilidhihirika Machi 2003 mpakani mwa Kuwait, pale kombora la Patriot la Marekani lilipoitungua ndege ya Tornado ya Uingereza, nchi mshirika, na kuwaua rubani na mwongozaji wake. Uchunguzi wa Uingereza uliona kuwa mtambo wa ndege wa kujitambulisha kwa rafiki haukuwa ukifanya kazi. Ndege ilikuwa inarudi nyumbani, na kwa mashine iliyo ardhini ilionekana kama kombora la adui.

Sheria yenye mlango wa nyuma

Nchini Sudan Kusini, msimamizi wa masafa ni Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano, NCA. Mamlaka hiyo haikosi meno. Tarehe 22 Januari 2025 iliyaamuru makampuni ya mawasiliano kuifunga mitandao ya kijamii baada ya kusambaa kwa video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, Sudan. Makampuni yalitii, na siku chache baadaye, tarehe 27, amri ikaondolewa. Chombo kinachoweza kuizimia nchi nzima mitandao kwa barua moja si chombo dhaifu. Suala ni kama barua ya namna hiyo inaweza kupokelewa kambini.

Sheria ya kimataifa haiisaidii sana. Katiba ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, inazitaka stesheni zote zisisababishe usumbufu wenye madhara kwa nyingine. Lakini kifungu chake cha 48 kinaziachia nchi wanachama uhuru kamili juu ya mitambo ya redio ya kijeshi, kisha kinaongeza kwamba mitambo hiyo nayo lazima, kadiri inavyowezekana, izingatie masharti ya kuzuia usumbufu. Maneno "kadiri inavyowezekana" ndiyo mlango wa nyuma. Serikali yoyote inaweza kupita hapo bila kuulizwa, kwa kuwa mwenye kuamua kilichowezekana ni yeye mwenyewe.

Upande wa Umoja wa Mataifa nako kuna utata wake. Mkataba wa mwaka 2011 kati ya UNMISS na serikali unaupa ujumbe huo haki ya kuwa na mawasiliano yake, masafa yakiamuliwa kwa ushirikiano na serikali. Machi 2018 maneno hayo yalijaribiwa, pale Mamlaka ya Vyombo vya Habari ya Sudan Kusini ilipotangaza kuisimamisha Radio Miraya kwa madai kwamba haina leseni. UNMISS ilijibu kwa kutaja mkataba, na redio ikaendelea kusikika. Wengi waliuona mgogoro huo kuwa wa uhuru wa habari, na kwa sehemu kubwa ndivyo ulivyokuwa. Chini yake kulikuwa na swali kavu zaidi, ambalo halikupata jibu la kudumu: kati ya mwenye nchi na mgeni aliyealikwa, nani ana neno la mwisho juu ya antena iliyosimama Juba? Sasa mgeni wa tatu yupo, naye hana mkataba na Umoja wa Mataifa juu ya masafa bali makubaliano yake na serikali.

Vikwazo vya silaha vimeacha mwanya mwingine. Baraza la Usalama liliiwekea Sudan Kusini vikwazo hivyo kwa azimio namba 2428 la tarehe 13 Julai 2018, na mwezi Mei 2025 likaviongeza kwa mwaka mwingine kwa kura 9, nchi 6 zikijizuia. Katikati, Mei 2023, Baraza lilikuwa limeondoa sharti la kutoa taarifa kabla ya kuingiza vifaa vya kijeshi visivyoua vinavyosaidia utekelezaji wa mkataba wa amani. Serikali ilikuwa imelalamika kwamba sharti hilo linachelewesha kuunganishwa kwa majeshi, na hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani jeshi la pamoja lisilo na redio za pamoja ni jina tu. Hata hivyo, redio ya mawasiliano ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa kifaa kisichoua. Sharti lilipoondolewa, iliondoka pia nafasi ya mtu wa nje kuuliza kifaa hicho ni cha aina gani, kinatumia masafa gani, na kilipimwa wapi.

GPS na vita vya majirani

Hadi miaka michache iliyopita mjadala huu ungeweza kuachiwa mafundi. Vita vya majirani vimeuondolea utulivu huo. Mashariki mwa Congo, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa za mwaka 2024 zilieleza jinsi ishara za GPS zilivyovurugwa na kughushiwa katika Kivu Kaskazini, zikiwahusisha waasi wa M23 na jeshi la Rwanda. Rwanda imekuwa ikikanusha tuhuma za kuwasaidia waasi hao. Kwa marubani wa ndege za misaada, aliyehusika hakuwa jambo la kwanza. Jambo la kwanza lilikuwa kwamba kioo kilichokuwa mbele yao kilionesha mahali ambapo hawakuwapo.

GPS huvurugika kwa urahisi wa kusikitisha. Setilaiti zake huzunguka umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini, na ishara inayofika ni hafifu mno, kama taa ya mtaani inayotazamwa kutoka nchi nyingine. Kifaa kidogo cha wati chache, kikiwekwa mahali pa juu, huweza kuifunika kwa kilomita nyingi. Na GPS haielekezi ndege peke yake. Minara mingi ya simu duniani huitumia kama saa ya kupatanisha mitambo yake, na saa ikipotea kwa muda mrefu, simu nazo huanza kuyumba. Familia za Melbourne, Perth au Nairobi zinazowatumia jamaa zao wa Juba fedha kwa simu zimo ndani ya mnyororo huo bila kujua.

Vifaa vya kuvuruga droni ndivyo vinavyoweza kuileta hatari hiyo mjini. Tangu vita vya Sudan vianze tarehe 15 Aprili 2023, droni zimekuwa silaha ya kila siku ng'ambo ya mpaka, na hakuna jeshi la ukanda huu lisilotaka kinga dhidi yake. Kinga iliyo rahisi zaidi ni kulivuruga wimbi linaloiongoza droni pamoja na GPS inayoifuata. Kinga hiyo haichagui. Inayoizuia droni ya adui huizuia pia helikopta ya kumchukua majeruhi, na ndege ya shirika la WFP inayotafuta uwanja wa vumbi katika eneo lililozingirwa na mafuriko. Mwezi Machi 2025 mashirika matatu ya kimataifa, ITU, lile la usafiri wa anga ICAO na lile la usafiri wa baharini IMO, yalitoa tamko la pamoja la wasiwasi mkubwa juu ya kuongezeka kwa usumbufu wa mifumo hiyo. Ni nadra kwa mashirika hayo matatu kusema kwa sauti moja.

Kinachowezekana bila maabara

Chumba cha kupimia kwa kiwango cha kijeshi ni ghali, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Juba itajenga kimoja hivi karibuni. Lakini sehemu kubwa ya kazi inayohitajika haihitaji chumba hicho. Kipima masafa kinachobebwa mkononi, mhandisi mmoja na daftari vinatosha kuandika kilichopo hewani Atlabara, uwanja wa ndege na kando ya kambi, kisha kurudi baada ya mwezi kuona kilichobadilika. Anayejua hali ya kawaida ya anga lake huitambua haraka isiyo ya kawaida.

Hatua ya pili ni tangazo. Nchini Uingereza, wizara ya ulinzi inapofanya mazoezi ya kuvuruga GPS, msimamizi wa masafa hutangaza mapema tarehe na eneo. Nchini Marekani na Australia marubani huarifiwa kwa njia ya taarifa za usalama wa anga. Nchi hizo haziwi dhaifu kwa kufanya hivyo. Siri ya jeshi hubaki kwenye namna kifaa kinavyofanya kazi, huku raia akipewa kile tu anachohitaji, yaani lini na wapi. Kuna watakaosema kwamba katika nchi yenye vita tangazo kama hilo humsaidia adui. Katika mapigano yenyewe, huenda. Katika mazoezi na majaribio, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya jeshi, hoja hiyo haina miguu.

Umbali nao ni kinga isiyogharimu fedha nyingi. Viwango vya kijeshi huweka mipaka kati ya antena zenye nguvu na maghala ya risasi, kwa sababu baadhi ya viwashio vya umeme vya mabomu huweza kuitikia mawimbi kama vinavyoitikia waya. Wasikilizaji wa Dar es Salaam hawajasahau Mbagala, Aprili 2009, wala Gongo la Mboto, Februari 2011, ambako maghala ya jeshi yalilipuka na kuua watu zaidi ya 20 kila mahali. Milipuko hiyo haikuhusishwa na mawimbi ya redio, lakini ilionesha gharama ya kuliacha ghala na nyumba za watu vikikaribiana. Juba nayo ina yake: Februari 2005 ghala la silaha lililipuka katikati ya mji na kuua makumi ya watu. Kuongeza antena yenye nguvu kwenye ujirani wa namna hiyo bila kupima ni kuongeza hatari moja ambayo ingeweza kuondolewa kwa futi ya kupimia.

Kwa upande wa Umoja wa Mataifa, mlango wa kuanzia upo tayari. Kila kikosi kinacholeta vifaa vyake UNMISS hukaguliwa kinapowasili, kisha tena kwa vipindi, kwa kuwa nchi iliyokileta hurejeshewa fedha kulingana na vifaa vilivyo vizima. Wakaguzi huhesabu magari, jenereta na redio, na huandika kama vinafanya kazi. Redio ikiwa mezani mbele yao, imewashwa, na mwenyewe amesimama kando, kipimo cha kinachotoka kwenye antena yake huchukua dakika chache.